Nadia: Stelingi wa kike aliyewatangulia Superman na Batman

Na Mwandishi Wetu, Lagangabilili

MIAKA mitatu kabla jarida la katuni la Marekani halijamtambulisha Superman kwa walimwengu mwaka 1938, wakazi wa jiji la Bombay nchini India walikuwa tayari wanapigana vikumbo mlangoni mwa jumba la sinema ili kumwona shujaa mwenye kinyago usoni, joho mabegani na mjeledi mkononi.

Shujaa huyo hakuwa mwanamume. Alikuwa mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu na macho ya buluu, mwenye misuli iliyokomaa, ambaye aliweza kumnyanyua mtu mzima na kumtupa chini bila kupoteza tabasamu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mary Ann Evans, lakini wapenzi wa filamu walimjua kwa jina moja tu, Nadia, ambalo mabango ya sinema yaliliongezea sifa ya mtu asiye na woga.

Hapa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, jina hilo si la kila mtu. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kulipa kiingilio katika banda la video angeitambua kazi yake mara moja. Yupo stelingi, yupo adui mkuu na vibaraka wake, wapo wanyonge wanaoonewa, zipo ngumi na farasi, na ipo ile sheria isiyoandikwa kwamba stelingi hafi.

Filamu za aina hiyo ni nyepesi, zinachekesha, na mwisho wake unajulikana tangu mwanzo. Wasomi wengi wamezibeza kwa miongo kadhaa. Hata hivyo watu wameendelea kuzipenda, na maisha ya Nadia yanasaidia kueleza kwa nini.

Mtoto wa askari

Nadia alizaliwa Januari 8, 1908 katika mji wa Perth, magharibi mwa Australia. Baba yake, Herbert Evans, alikuwa Mskoti aliyelitumikia jeshi la Uingereza, na kazi hiyo ndiyo iliyoihamishia familia Bombay, jiji ambalo siku hizi huitwa Mumbai, Nadia akiwa bado mtoto mdogo.

Mwaka 1915 baba huyo aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mama na binti walibaki India bila mlezi, na baadaye walihamia Peshawar, mji ambao leo uko Pakistan.

Ni katika milima ya mpakani huko ndiko binti huyo alikojifunza mambo ambayo wasichana wengi wa wakati wake hawakufundishwa. Alipanda farasi, alivua samaki, alikwenda mawindoni na kujifunza kulenga shabaha. Hakuna aliyejua kuwa mafunzo hayo yangemlisha maisha yake yote.

Mwaka 1928 alirejea Bombay akiwa na mama yake na mtoto wake wa kiume. Maisha hayakuwa rahisi. Alifanya kazi ya kuuza bidhaa katika duka kubwa la jiji hilo, na wakati fulani alifikiria kujifunza upigaji chapa na hatimkato ili apate ajira yenye kipato bora.

Badala yake alijiunga na mwalimu wa dansi wa Kirusi aliyejulikana kama Madame Astrova. Kundi la mwalimu huyo lilizunguka India likitumbuiza katika kambi za askari, majumba ya watawala wa Kihindi na miji midogo yenye vumbi. Huko ndiko alikojifunza kupiga sarakasi na kuunyumbua mwili wake.

Inaelezwa kuwa mpiga ramli mmoja kutoka Armenia alimtabiria mafanikio makubwa iwapo angechukua jina linaloanza na herufi N. Akachagua Nadia. Mwaka 1930 alifanya kazi katika sarakasi ya Zarko, kabla ya kupelekwa kwa mtu aliyebadili maisha yake.

Ndugu wawili wenye ndoto

Mtu huyo alikuwa J.B.H. Wadia, mwanasheria kwa elimu lakini mtengeneza filamu kwa mapenzi. Yeye na mdogo wake, Homi, walitoka katika ukoo wa Waparsi ambao kwa vizazi vingi ulikuwa maarufu kwa ujenzi wa meli. Mwaka 1933 ndugu hao walianzisha kampuni ya Wadia Movietone.

Wadia alikuwa mpenzi mkubwa wa mwigizaji wa Marekani, Douglas Fairbanks, ambaye mwaka 1920 aliigiza filamu ya The Mark of Zorro. Ndani yake, kijana wa kitajiri hujifanya mvivu na mlegevu mchana, kisha usiku huvaa kinyago na kuwatetea maskini dhidi ya watawala dhalimu, huku akicheka na kuwadhihaki adui zake.

Waliowabuni Superman na Batman huko Marekani nao walikiri kwamba Fairbanks aliwapa mwanga. Kwa maneno mengine, Nadia na mashujaa hao wanaojulikana leo dunia nzima walichota maji katika kisima kimoja, isipokuwa Nadia alifika kisimani mapema.

Wadia alipomwona kwa mara ya kwanza hakushawishika sana. Kiswahili kina msemo kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu hakukijua vizuri Kihindi, na sura yake haikufanana na ya mwigizaji yeyote wa kike nchini humo. Alijaribiwa kwanza kwa nafasi ndogo katika filamu mbili.

Inaelezwa pia kuwa Wadia alipendekeza abadili jina awe Nanda Devi na avae nywele za bandia, nyeusi na ndefu, ili afanane na wenyeji. Alikataa yote mawili. Watazamaji nao wakampokea kama alivyo.

Hunterwali

Mwaka 1935 Homi Wadia aliongoza filamu iliyoitwa Hunterwali, yaani mwanamke mwenye mjeledi. Nadia aliigiza kama Madhuri, binti wa mfalme ambaye baba yake ametiwa kizuizini na waziri mwenye uchu wa madaraka. Binti huyo anavaa kinyago, anapanda farasi na kuanza kuwatetea raia wanaoonewa.

Filamu ilipokamilika, wasambazaji waliikimbia. Waliamini kuwa hakuna mtu atakayelipa fedha yake kumtazama mwanamke wa kizungu aliyevaa kaptula na buti akiwachapa wanaume viboko. Ndugu hao walilazimika kutafuta mshirika na kuiingiza sokoni wenyewe.

Matokeo yake yaliwashangaza wote. Hunterwali ilionyeshwa kwa wiki 25 mfululizo. Mijeledi, mikanda na viberiti vyenye jina lake vikaanza kuuzwa mitaani, na ukelele wake wa kuingilia vitani ukaigwa na watoto katika michezo yao.

Waliojaza viti vya bei ya chini walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, makuli na waendesha mikokoteni ya farasi. Magazeti ya watu wenye kipato yalizitazama filamu hizo kwa dharau, yakiziona kuwa burudani ya wasiosoma.

Dharau hiyo haikuwapunguzia watazamaji hamu. Zikafuata filamu nyingine, zikiwamo Miss Frontier Mail ya mwaka 1936, ambamo Nadia anapigana juu ya mabehewa ya treni ili kumsafisha baba yake, mkuu wa stesheni aliyesingiziwa mauaji. Ikaja pia Punjab Mail ya mwaka 1939.

Mara nyingi hakuwa peke yake. Alisaidiwa na mwigizaji mwenye nguvu, John Cawas, farasi aliyepewa jina la mwana wa Punjab, mbwa aliyeitwa Gunboat na gari kuukuu lililotaniwa kuwa ni binti wa Rolls-Royce. Watazamaji walimshangilia farasi na mbwa kama walivyomshangilia stelingi mwenyewe.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumwigizia katika matukio ya hatari. Alipoonekana akiruka, ni yeye aliyeruka. Katika Jungle Princess ya mwaka 1942 aliigiza pamoja na simba walio hai, bila ujanja wa kompyuta ambao leo humwezesha mwigizaji yeyote kuonekana anaruka angani.

Utani wenye ujumbe

Msomaji anaweza kudhani kuwa yote hayo yalikuwa mchezo tu. Ukweli ni kwamba India ya wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, na wakaguzi wa serikali ya kikoloni walizichuja filamu kwa makini. Filamu iliyodai uhuru waziwazi isingefika kwenye jumba la sinema.

J.B.H. Wadia, aliyekuwa mzalendo, aliufahamu mpaka huo. Hadithi ya waziri dhalimu katika nchi ya kubuni, iliyojaa vichekesho na mbio za farasi, ilipita bila matatizo. Lakini mfanyakazi aliyekaa kwenye benchi la mbele alielewa vizuri ni utawala gani uliokuwa unachapwa viboko.

Lipo jambo la kushangaza hapo. Mwanamke wa asili ya kizungu, binti wa askari wa Uingereza, ndiye aliyekuwa sura ya kuupinga uonevu mbele ya macho ya Wahindi. Watazamaji walimhesabu kuwa wa kwao kwa sababu alisimama upande wao, wala hawakuijali rangi ya nywele zake.

Ujumbe mwingine ulihusu wanawake. Katika Diamond Queen ya mwaka 1940, Nadia ni msichana aliyesoma mjini, anayerudi nyumbani na kuukuta mji wake umeshikwa na viongozi wala rushwa. Filamu hiyo inatetea elimu kwa watu wa kawaida na haki ya mwanamke kusimama kwa miguu yake mwenyewe.

Ujumbe huo ungetolewa kwa hotuba, huenda wanaume wengi katika ukumbi wangenyanyuka na kuondoka. Ulipotolewa na mwanamke aliyembeba adui begani na kumzungusha, walibaki, wakacheka na kushangilia. Hapo ndipo penye nguvu ya filamu nyepesi: humfikisha mtazamaji mahali ambapo pengine asingekubali kwenda kwa kuelekezwa.

Miaka ya mwisho

Kwa bahati mbaya, hata J.B.H. Wadia mwenyewe alitamani kutengeneza filamu ambazo wasomi wangeziheshimu. Kampuni ikaelemewa, na mwaka 1942 Homi alijitenga na kuanzisha Basant Pictures. Studio ya zamani ilichukuliwa na mwongozaji mwingine mashuhuri, V. Shantaram.

Homi hakuwa na aibu na kile alichokijua. Mwaka 1943 alitoa Hunterwali Ki Beti, yaani binti wa mwanamke mwenye mjeledi, na Nadia akarudi tena juu ya farasi. Filamu hiyo iliiweka kampuni mpya kwenye mstari.

Nje ya kamera, Nadia na Homi walikuwa wapenzi kwa miaka mingi. Mama yake Homi aliupinga uhusiano huo, na wawili hao hawakutaka kumvunjia heshima mzazi. Walifunga ndoa mwaka 1961, baada ya mama huyo kufariki dunia. Bibi harusi alikuwa na umri wa miaka 53.

Aliyewashinda simba na majambazi kwenye skrini, katika maisha yake halisi alisubiri kwa uvumilivu bila kumshinda mtu yeyote. Filamu yake ya mwisho, Khiladi, ilitoka mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka 60, na ndani yake bado alikuwa anapigana.

Kufikia wakati huo ladha ya watazamaji ilikuwa imebadilika, na kizazi kipya kilikuwa kimeanza kumsahau. Mwaka 1993, Riyad Vinci Wadia, mjukuu wa J.B.H., alitengeneza filamu ya kumbukumbu kuhusu maisha yake, ambayo ilimrudisha mbele ya dunia akiwa angali hai kushuhudia heshima hiyo.

Nadia alifariki dunia mjini Mumbai Januari 9, 1996, siku moja baada ya kutimiza miaka 88. Mwaka 2018, miaka 110 tangu kuzaliwa kwake, kampuni ya Google ilimkumbuka kwa kuweka mchoro wake kwenye ukurasa wake wa mbele.

Kutoka Bombay hadi ukanda wa pamba

Historia ya sinema ya Kihindi si jambo la mbali kwa Watanzania. Jengo la sinema la Royal lilifunguliwa Zanzibar mwaka 1921, na katika miongo iliyofuata filamu za Kihindi zikawa chakula cha kawaida cha wakazi wa mijini, Waasia kwa Waafrika. Wapo wazee waliozijua nyimbo zake kwa moyo bila kujua maana ya maneno yake.

Katika ardhi ya Wasukuma, pamba iliwavuta wafanyabiashara wa Kihindi kuweka maduka na vinu vya kuchambulia pamba, na mapenzi ya filamu yakafuata njia hizo hizo za biashara. Televisheni ilipochelewa kufika Tanzania Bara hadi mwaka 1994, sinema na baadaye mikanda ya video ndivyo vilivyokuwa dirisha la dunia.

Mabanda ya video yaliongeza jambo ambalo hata Bombay halikuwapo. Wasimuliaji, ambao watu huwaita ma-DJ, walianza kuzitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakitia utani, methali na majina ya mitaa ya kwetu. Lufufu ni mmoja wa waliovuma nchi nzima kwa kazi hiyo. Stelingi wa Hong Kong au Bombay aligeuka kuwa mtu wa jirani.

Lakini Msukuma hakuhitaji kusubiri sinema ili amjue stelingi. Kabla ya umeme na mikanda, wazee wa ukanda huu walikuwa wakisimulia habari za Masala Kulangwa, kijana aliyezaliwa baada ya zimwi Shing'weng'we kuwameza watu wote na mifugo yao, akabaki mama yake mjamzito aliyejificha.

Kijana huyo aliapa kulikomboa kabila lake. Siku ya kwanza akarudi nyumbani kwa shangwe akidai amemuua Shing'weng'we, mama yake akamwambia kuwa huyo ni panzi tu. Akaendelea kuleta mawindo makubwa zaidi, na kila mara wasikilizaji wakicheka, hadi alipolikuta zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai.

Hata ushindi huo una kichekesho chake. Alipokuwa akipasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye kwa hasira akataka kumloga mkombozi wake. Shujaa aliyelishinda zimwi ikambidi amtafutie bibi dawa.

Ukiiweka hadithi hiyo kando ya Hunterwali, mifupa yake ni ile ile. Kuna dhalimu aliyewameza watu, kuna mmoja asiyetarajiwa, iwe mtoto asiye na baba au mwanamke asiyepewa nafasi, na kuna kicheko kinachotembea pamoja na hatari hadi mwisho. Hakuna aliyewahi kumdharau babu kwa kuisimulia kando ya moto.

Katika miaka ya karibuni, filamu nyingi za mashujaa kutoka Marekani zimekuwa nzito na za giza. Shujaa ana majuto, anajitilia shaka, na miji mizima inabomolewa kabla hajaamua la kufanya. Zina mashabiki wake, na nyingine ni kazi nzuri. Lakini ndiyo maana wapo wanaoendelea kuitafuta Superman ya mwaka 1978, ambamo Christopher Reeve anaokoa watu kwa upole na tabasamu la mtu anayeifurahia kazi yake.

Anayetoka shambani, ambako mvua imegoma au bei ya pamba imeshuka, hahitaji kukumbushwa kuwa dunia ni ngumu. Analijua hilo kuliko mwongozaji wa filamu. Anachokitafuta kwa saa mbili ni kuona kwamba mnyonge anaweza kushinda, na kwamba anaweza kushinda bila kugeuka kuwa katili kama adui yake.

Nadia alimpa mtazamaji huyo kitu hicho kwa zaidi ya miaka 30, kwa mwili wake mwenyewe na kwa kicheko chake mwenyewe. Filamu nyingi za Kihindi za enzi zake zimepotea kabisa, kwa sababu walioweza kuzihifadhi hawakuziona kuwa na thamani.

Hilo ni funzo kwetu pia. Masimulizi ya wazee wa Itilima na Bariadi, pamoja na sauti za ma-DJ waliokonga nyoyo za watu katika mabanda ya video, yanaweza kupotea kwa sababu hiyo hiyo. Hadithi za mashujaa wanaocheka ni sehemu ya urithi, na kama urithi mwingine wowote, zinahitaji mtu wa kuzirekodi kabla msimulizi hajaondoka nazo.